Nodi tatu za LoRa, bodi ile ile, kila moja na saa yake: ni kristali, kapasita, joto au programu?

#1 Kipima_Kina
Habari wakuu. Kuna nodi tatu za LoRa (redio ya masafa marefu isiyokula umeme mwingi) za kupima kina cha maji kwenye matangi na kisima. Zote ni chipu ya STM32L4 ya pini 64 pamoja na redio ya SX1276, betri ER14505 ya volti 3.6. Saa inaendeshwa na kristali ya 32.768 kHz iliyoandikwa 12.5 pF na ±20 ppm (sehemu 20 kwa kila milioni), pembeni kapasita mbili za 10 pF. Zinapima kila dakika 15. Kila baada ya saa moja zinaiuliza seva saa kwa DeviceTimeReq. Tofauti inaandikwa tu, saa ya ndani haiguswi. Siku 14 zimetoa haya:

A, ndani ya stoo: inakwenda mbele sekunde 3.9 kwa siku, kila siku vilevile.
B, juu ya tangi, boksi jeusi juani: usiku inaongeza sekunde 1.9, mchana inaongeza 0.6 tu.
C, kando ya kisima chini ya mti: ilikuwa sawa na A, lakini siku ya 9 alfajiri, baada ya mvua, ilirudi nyuma sekunde 80 hivi kati ya maulizo mawili, kisha ikaendelea kama hakuna kilichotokea.

Tena zote tatu zilianza zikiwa mbele ya simu kwa sekunde 18. Nianzie wapi?

#2 Nyota_ya_Kusi
Anza na hizo 18 kwa sababu ni nyepesi. DeviceTimeAns, yaani jibu la DeviceTimeReq, haileti UTC (saa ya dunia). Inaleta saa ya GPS, yaani sekunde zilizohesabiwa tangu 6 Januari 1980. UTC huongezewa sekunde za marekebisho, GPS haiongezewi, na tangu 1 Januari 2017 tofauti yao ni sekunde 18. Ukitaka sekunde za Unix, chukua ulicholetewa, jumlisha 315964800, toa 18. Hiyo 18 usiifungie ndani ya msimbo. Iweke mahali inapoweza kubadilishwa kwa ujumbe wa seva, la sivyo ikibadilika utapanda tangi moja moja.

Jambo la pili kwenye jibu lile lile: saa unayoletewa ni ya pale ujumbe wako ulipomaliza kurushwa, si pale jibu lilipokufikia. Programu ikiichukua kama saa ya sasa hivi, utakuwa nyuma kwa sekunde 1 ukipokea kwenye dirisha la kwanza la kusikiliza (RX1), au 2 kwenye la pili (RX2). Hakikisha unaweka alama ya muda pale redio inapotoa ishara ya kumaliza kurusha.

#3 FundiRisasi
A imejieleza yenyewe. Kristali ya 12.5 pF inataka ione 12.5 pF. Wewe umeipa 10 na 10 zilizo mfululizo, hiyo ni 5, ongeza 3 hivi za pini na njia za shaba, jumla 8. Ikipungukiwa mzigo inakwenda mbele, ikizidishiwa inachelewa. Kwa kristali ya kawaida ya aina hii (kapasitansi yake ya mwendo 3 fF, ile ya ganda 1.3 pF) kushuka kutoka 12.5 hadi 8 kunaisukuma mbele kama ppm 52. Ppm 1 ni sekunde 0.0864 kwa siku, kwa hiyo 52 ni sekunde 4.5. Wewe una 3.9. Tumefika.

Dawa: C = 2 × (12.5 − 3) = 19, dukani ipo ya 18 pF. Badilisha zote mbili, ziwe C0G, aina isiyoyumbishwa na joto.

#4 Kaskazi77
@FundiRisasi hesabu ya A naikubali, lakini haigusi B hata kidogo. Kapasita ni zile zile usiku na mchana.

Kristali ya 32.768 kHz imekatwa kwa umbo la uma wenye meno mawili, na masafa yake hufuata kilima: kileleni ni nyuzi 25 hivi (kilele chenyewe huweza kukaa popote kati ya 20 na 30), na ukiondoka hapo, iwe kwa joto au kwa baridi, inapungua kwa 0.034 ppm mara mraba wa tofauti ya nyuzi. Boksi jeusi juani likifika nyuzi 55: 30 × 30 × 0.034 = ppm 30.6 za kuchelewa. Bodi yako inakwenda mbele ppm 45 kwa makosa ya kapasita. Toa 30.6, inabaki 14.4, na kwa muda wa saa 12 za mchana hiyo ni sekunde 0.62. Usiku ppm 45 kamili, sekunde 1.94. Ni namba zako kabisa.

Ndiyo maana nasisitiza: usidhani joto la mchana na baridi ya usiku vitafutana. Pande zote mbili za kilima zinachelewesha. Nodi ya Makambako usiku wa Julai inachelewa, ya Dodoma mchana wa Novemba inachelewa, na hakuna inayowahi kwa sababu ya hali ya hewa.

#5 Mzee_wa_Masafa
Mnakimbilia kristali haraka sana. Mleta mada, kabla ya kuwasha chuma cha risasi tuonyeshe jinsi unavyopanga kengele ya kuamka. Kama ni "sasa + sekunde 900" baada ya kazi kuisha, na kazi inachukua sekunde 1.8, kwa siku vipimo 96 vitajikokota dakika karibu 3. Andika "kengele iliyopita + 900".

Na pale unapoiandikia RTC (saa ya ndani ya chipu) ya STM32 saa mpya, kalenda inasimama na kigawanyi kinaanza upya, kwa hiyo kila ukirekebisha unaweza kutupa hadi sekunde nzima. Kusogeza visehemu vya sekunde kuna rejista yake, SHIFTR. Tumia hiyo. DS3231 (chipu ya saa ya pembeni) ina tabia hiyo hiyo: ukiandika rejista ya sekunde, mnyororo wa kuhesabu unaanzia sifuri, kwa hiyo andika pale sekunde inapogonga.

#6 Kipima_Kina
Shukrani. @Mzee kengele inapangwa kwa iliyopita + 900, na saa haijaandikwa tangu siku ya kwanza. Ninacholinganisha ni kalenda yenyewe. @FundiRisasi kapasita zilizopo sijui ni aina gani, zimetoka kwenye mkanda usio na jina.

#7 Bint_Elektroni
Hapo kwenye "hazina jina" msipite haraka. Kapasita za keramiki za daraja la chini, Y5V kwa mfano, hupoteza thamani kubwa zikipata joto. Lakini angalieni mwelekeo: kapasita ikipungua, saa inakwenda mbele zaidi. B mchana inapunguza mwendo. Kwa hiyo kama ni Y5V, zinafanya kazi kinyume na tunachokiona, na joto halisi la boksi litakuwa kubwa kuliko nyuzi 55 za @Kaskazi77. Hesabu yake imetoka sawasawa kwa sababu alichagua 55. Hakuna aliyepima.

@FundiRisasi na wewe pia: kristali yenyewe ina ±20 ppm tangu kiwandani. Kutoka bodi moja huwezi kujua kama 45 zote ni za kapasita. Inaweza kuwa 52 za kapasita na −7 za kristali, au 30 na +15. Na 3 pF ya pini na shaba umeikisia. Ikiwa 4, sukumo linashuka hadi ppm 37.

#8 FundiRisasi
Sawa, nakubali, nilikisia. Basi tengeneza bodi mbili, moja 15 pF na nyingine 18 pF, upime. Ila C0G si jambo la kujadili.

#9 Nyota_ya_Kusi
Na kupima kwenyewe kuna watu wanakosea. Usiguse pini ya kristali kwa ncha ya oskiloskopu. Ncha ya mara 10 inaongeza pF 10 au zaidi, saa itabadilika mwendo au itasimama, nawe utakuwa unapima ncha yako. Toa ishara ya Hz 1 kupitia PC13 (RTC_OUT), ilinganishe na PPS (pigo moja kila sekunde) ya kipokezi cha GPS kama NEO-6M. PPS inayumba makumi ya nanosekunde tu, kwako ni kama jiwe. Ingiza zote mbili kwenye taima ya bodi nyingine inayokwenda MHz 16, rekodi kingo, acha sekunde 100. Saa yenye kosa la ppm 45 itakuwa imejitenga milisekunde 4.5, na taima inaona hatua za nanosekunde 62.5.

Ukishawasha rejista ya usawazishaji, pima kwa vipindi vya sekunde 32 au mafungu yake. STM32 haibadilishi masafa ya kristali. Inaruka mapigo machache kati ya milioni na kidogo (2 kwa kipeo cha 20), na imeyatawanya ndani ya sekunde 32. Ukipima sekunde 10 utaona namba zinazorukaruka na kulaumu kifaa bure.

#10 Kaskazi77
Nyongeza kwa #9: hatua moja ya CALM (idadi ya mapigo ya kuruka) ni ppm 0.954. Kosa la +45 ni 45 / 0.954 = 47, kwa hiyo CALM = 47, CALP (ya kuongeza mapigo) = 0. Uwezo wake unafika −487 hadi +488 ppm.

Na kwa B usiishie kwenye namba moja. Kila dakika 10 soma kihisi cha joto cha ndani ya chipu, kisome KABLA ya kurusha redio, piga hesabu ya 0.034 × (T − 25)², iondoe kwenye CALM. Mistari kama 10 ya msimbo, haiongezi hata senti kwenye gharama ya bodi.

#11 Bint_Elektroni
Kwa masharti. Kihisi cha ndani kikikosea nyuzi 3 wakati boksi liko nyuzi 50, umekosea ppm 5 (0.068 × 25 × 3). Bado ni bora kuliko ppm 21 za bila fidia, lakini tumia namba za usawazishaji zilizochomwa kiwandani ndani ya chipu na usichukue namba ya mfano ya kwenye datashiti. Na hicho kilele cha 25 ni cha kristali yako au ni cha kitabu? Kikiwa 28, nyuzi 50 inatoa ppm 16 badala ya 21.

#12 TCXO_tu
Jamani kwa nini mateso yote haya? Weka RTC yenye fidia ya joto ndani yake, umalize. RV-3032-C7: ±2.5 ppm kuanzia −40 hadi 85, inakula nanoampea 160. Kwa mwaka ni 1.4 mAh. ER14505 ina zaidi ya 2000.

#13 Mzee_wa_Masafa
@TCXO_tu ushauri mzuri, ila watu wasije wakanunua kwa kuangalia mkondo peke yake. RV-3028-C7 ya kampuni hiyo hiyo inakula nanoampea 45 na imeandikwa ±1 ppm, mtu anafurahi. Hiyo ±1 ni kwenye nyuzi 25. Haina fidia ya joto. Juani itateremka kilima kile kile cha #4.

#14 Duka_la_Bodi
DS3231 je? Ndiyo inayopatikana kirahisi Kariakoo na River Road.

#15 FundiRisasi
DS3231 ni nzuri: ±2 ppm kati ya nyuzi 0 na 40, ±3.5 nje ya hapo, inajipima joto kila sekunde 64. Mambo ya kuangalia:

Ile moduli ya bluu ya ZS-042 ina njia ya kuchaji betri, diodi na rezista ya ohm 200. Iliwekwa kwa ajili ya LIR2032. Ukipachika CR2032 ya kawaida na kuilisha moduli volti 5, unachaji betri isiyochajiwa, inavimba. Ng'oa diodi au rezista. Taa yake ng'oa pia, inakula kuliko chipu.

Soma maandishi juu ya chipu. Yenye SN mwishoni ina kristali ndani. Yenye M haina kristali, ni ya MEMS (kitetemeshi kidogo cha silikoni), ±5 ppm, na moduli nyingi za bei ya chini zinabeba hiyo. Si mbovu, ila usiihesabie 2.

Rejista 0x10 inakuruhusu kusogeza mwendo, hatua moja ni ppm 0.1 hivi kwenye nyuzi 25. Namba chanya INAPUNGUZA mwendo. Wengi wanaweka kinyume.

#16 Kaskazi77
Mwenye DS1307 asije akajificha nyuma ya DS3231. Anwani yao ni moja, 0x68, programu inafanya kazi bila kubadilishwa, lakini DS1307 ni kristali tupu ya nje na inataka volti 5. Kilima kile kile.

#17 Sirambi
Nauliza pembeni ya mada: ESP32 (chipu yenye Wi-Fi) ikilala usingizi mzito kwa saa moja inaamka na tofauti ya makumi ya sekunde. Nayo ni kapasita?

#18 Nyota_ya_Kusi
Hapana. ESP32 isipoambiwa vingine inahesabu usingizi kwa oskileta ya ndani ya 150 kHz, ya rezista na kapasita, ambayo inabadilika kwa asilimia, si kwa ppm. Ikiamka inapimwa dhidi ya kristali kubwa ya 40 MHz, lakini hakuna anayeipima ikiwa imelala, na joto limebadilika katikati. Njia mbili. Ndani ya menuconfig (menyu ya mipangilio) chagua oskileta ya 8.5 MHz iliyogawanywa kwa 256: imetulia zaidi, inaongeza mikroampea 5. Au weka kristali ya 32.768 kHz kwenye GPIO32 na GPIO33: inaongeza mikroampea 1. Ukiweka kristali, soma ujumbe wa kuwaka: isipoanza kutikisika, programu inarudi kimyakimya kwenye 150 kHz nawe utadhani unatumia kristali.

Wi-Fi na NTP (kuuliza saa mtandaoni) kila siku nayo ina bei yake. Sekunde 4 kwa mA 100 ni 0.11 mAh kila mara, 40 kwa mwaka. Linganisha na 1.4 ya #12.

#19 Kivu_Mtandao
Kwa wanaotumia modemu ya GSM kama SIM800: AT+CLTS=1, kisha AT&W, izime na kuiwasha, halafu AT+CCLK? itatoa saa ya mtandao, pale tu mtandao unapoituma. Mwishoni kuna +12. Si saa 12, ni robo 12 za saa, yaani UTC+3. Huku kwetu Goma, na Kigali na Bujumbura, ni +08. Mtu akiichukua kama masaa, vipimo vyake vinaishia kesho.

#20 Duka_la_Bodi
Mteja mmoja anataka kioo kionyeshe saa ya Kiswahili, saa mbili asubuhi iwe 2:00. Kuna aliyemrudishia RTC nyuma kwa masaa 6. Ni sawa?

#21 Mzee_wa_Masafa
Usiguse RTC. Ndani hifadhi UTC, sekunde tupu. Kwenye kioo jumlisha 3 upate saa ya Afrika Mashariki, kisha (saa + 6) gawanya kwa 12 uchukue baki. Baki likiwa 0 andika 12. Saa 08 inakuwa 2, saa 13 inakuwa 7, saa 18 inakuwa 12 jioni. Ukiirudisha RTC yenyewe nyuma, tarehe itabadilika saa kumi na mbili asubuhi, na ripoti ya kila siku itagawanyika vipande viwili.

#22 Tundu_la_Sindano
Nimesoma uzi wote, nina swali la msingi. Kwa nini nodi ijue saa? Seva inajua. Nodi ipeleke "kipimo hiki kina umri wa sekunde 0" na seva ipige muhuri. Kikikwama, ukirudisha mawasiliano unapeleka "kina umri wa sekunde 21600". Hata saa mbovu ya ppm 45, kwa saa sita imekosea chini ya sekunde 1. Kina cha tangi hakibadiliki kwa sekunde moja.

#23 Kaskazi77
Kwa kina cha tangi una haki, na ningefanya hivyo. Lakini saa nzuri si ya muhuri peke yake, ni ya redio pia. Nodi ya daraja A inafungua sikio sekunde 1 baada ya kurusha, na wakati wa kujiunga sekunde 5. Ukiwa na oskileta ya ndani yenye kosa la asilimia 1, kwenye sekunde 5 umekosea milisekunde 50. SF7 (mwendo wa haraka wa LoRa) kwenye 125 kHz alama moja ni milisekunde 1.024, utangulizi wote wa alama nane haufiki milisekunde 9. Jibu limepita hujafungua mlango. SF12 (mwendo wa polepole) alama moja ni milisekunde 32.768, kwa hiyo inapona. Ndiyo maana watu wanasema "inajiunga SF12 tu, SF7 inakataa" na kulaumu antena. Kwenye LMIC (maktaba ya LoRaWAN) kuna LMIC_setClockError(MAX_CLOCK_ERROR * 1 / 100). Inapanua dirisha, lakini kila milisekunde ya kusikiliza inalipwa na betri.

#24 Bint_Elektroni
BLE (Bluetooth ya umeme kidogo) ni vilevile. Kiwango kinaruhusu saa ya usingizi hadi ±500 ppm kila upande. Vifaa viwili vya 500 vikikutana kila sekunde 4, mmoja analazimika kufungua sikio milisekunde 4 kabla. Vyote vikiwa na kristali ya 20, ni mikrosekunde 160. Kwenye chipu ya BLE kama nRF52 kristali ndogo ya bei ya soda inarudisha gharama yake kwa betri, na hapo ndipo @Tundu_la_Sindano sikubaliani naye kwa ujumla wake.

#25 Tundu_la_Sindano
Nimekuelewa. Ila mleta mada ana LoRa na kina cha maji, na dirisha lake linafanya kazi. Narudia: kwake yeye ppm 45 si ugonjwa.

#26 Kipima_Kina
Hoja ya umri wa kipimo nimeipenda. Ila pampu mbili zinatakiwa kuwaka kwa kupokezana kwa saa ya nodi yenyewe pale mtandao unapokatika, hata wiki nzima, kwa hiyo saa naihitaji. Na C haijajibiwa. Sekunde 80 alfajiri moja.

#27 Mzee_wa_Masafa
C naona hivi. LSI, oskileta ya ndani ya L4, ni 32000 Hz. Kigawanyi chako kimepangwa kwa 32768. Saa ikiendeshwa na LSI itachelewa asilimia 2.3, na kwa saa moja hiyo ni sekunde 84. Wewe unasema 80 hivi kati ya maulizo mawili ya saa moja moja. Nodi ilijiwasha upya, kristali ikachelewa kuanza, programu ikarukia LSI, saa moja baadaye ikarudi.

#28 Nyota_ya_Kusi
@Mzee namba inavutia, lakini njia haipitiki hivyo. Kubadilisha chanzo cha RTC kwenye STM32 kunahitaji kufuta eneo lote la akiba, na kalenda inarudi 1 Januari 2000, pamoja na rejista za akiba. Angeona miaka imepotea, siyo sekunde 80.

#29 Mzee_wa_Masafa
Isipokuwa programu inasoma kalenda kwanza, inaiweka kwenye RAM, inafuta, inaiandika tena. Maktaba nyingi za watu zinafanya hivyo. Tuone msimbo.

#30 FundiRisasi
Mimi naona risasi na unyevu. Mvua, alfajiri, umande ndani ya boksi. Flaksi (dawa ya kuchomelea) iliyobaki kati ya miguu ya kristali ikilowa inakuwa njia ya umeme. Mkondo wa oskileta hii ni nanoampea mia chache, uvujaji mdogo tu unaimaliza nguvu. Inasimama, kalenda inasubiri, jua likipanda inaendelea. Sekunde 80 za kusimama, basi.

Na mzigo wa 12.5 pF unazidisha. Kristali yenye ESR (ukinzani wa ndani) ya kΩ 70 na mzigo huo inadai gm (nguvu ya oskileta kuiendesha) ya 2.26 µA/V. L4 kwenye kiwango cha chini kabisa cha LSEDRV (mpangilio wa nguvu ya kuendesha kristali) inahimili 0.5, kinachofuata 0.75, kisha 1.7, na cha juu 2.7. Umeweka kipi? Kama ni cha chini, hata siku kavu inaishi kwa bahati. Kristali ya mzigo wa 6 pF ingedai 0.63 tu.

#31 Bint_Elektroni
Hiyo ya 6 pF ina upande wa pili. Kwenye 12.5, pF 1 ya ziada inasogeza saa ppm 8 hivi. Karibu na 6 inasogeza zaidi ya 20. Umande ule ule ambao hausimamishi kristali utaisogeza vibaya zaidi. Anayehamia 6 pF afupishe njia za shaba, azungushe pete ya shaba iliyounganishwa na graundi, aondoe nyaya za redio na SPI chini ya kristali, kisha apake vanishi ya bodi na apime BAADA ya vanishi, kwa sababu nayo inaongeza kapasitansi.

#32 Kaskazi77
Mmesahau betri. ER14505 ikikaa muda mrefu bila kufanya kazi inajenga utando ndani. SX1276 ikirusha kwa +20 dBm inataka mA 120, volti inadidimia ghafla, chipu inajizima na kuwaka. Alfajiri ya baridi ndiyo mbaya zaidi. Hapo #29 inawezekana kabisa. Kapasita kubwa sambamba na betri, na punguza nguvu: kwa +13 dBm ni mA 29.

#33 Kipima_Kina
LSEDRV iko kwenye kiwango cha chini. Msimbo wa kuwaka ni wa maktaba, sijaufungua. Nitaongeza kuandika bendera za RCC_CSR (sababu ya kuwaka upya) na RTCSEL (chanzo cha saa) kila ikiwaka, na kuzituma kwenye ujumbe wa kwanza. A na B zitabadilishana mahali wiki mbili. C itafunguliwa na kusafishwa kwa alkoholi.

#34 Bint_Elektroni
C usiisafishe kwanza! Ukiosha umefuta ushahidi, halafu ikitulia hutajua kama ni flaksi au ni bahati. Bendera kwanza. Halafu ifunge kwenye ndoo yenye kitambaa chenye maji usiku mzima, ukirekodi Hz 1 dhidi ya PPS. Ikisimama bila bendera ya kuwaka upya, ni unyevu. Bendera ikiwepo, ni betri au LSI.

#35 FundiRisasi
Na siku ya kuosha ikifika, brashi na alkoholi tu. Mashine ya kuosha kwa mawimbi ya sauti inavunja meno ya kristali ndani ya ganda, na kwa nje huoni kitu.

#36 Kipima_Kina
Sawa, sijaigusa. Bendera zimeingia jana jioni. C iko kisimani na mvua bado zinanyesha.